Kulanti ya Gari Mseto: Kuikagua, Kuiongeza na Kujua Inakopotelea

Gari mseto, au haibridi kama wengi wanavyoliita, ni gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana kuliendesha. Katika barabara za Dar es Salaam, Arusha, Dodoma na Mwanza si ajabu tena kukutana na Toyota Prius, Toyota Aqua au Honda Fit ya aina hiyo, na mengi kati ya magari hayo yameingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Mnunuzi huvutwa na hesabu ya mafuta, nayo ni hesabu ya kweli. Hata hivyo, ipo hesabu nyingine ambayo muuzaji haitaji mara nyingi: gari hili lina vitu viwili vinavyohitaji kupozwa, si kimoja, na kile cha pili kikiungua, bei ya kukibadilisha inaweza kumeza akiba yote ya mafuta ya miaka kadhaa.

Mtu anaweza kuuliza ni kwa nini kijitabu cha kumlinda mlaji kijishughulishe na maji ya rejeta. Jibu ni kwamba madhara mengi yanayompata mwenye gari mseto huanzia dukani au gereji, pale anapouziwa kulanti isiyofaa, anapojaziwa maji ya bomba bila kuulizwa, au anapoambiwa kwamba kulanti ya gari hili "huwa inapungua tu yenyewe." Mlaji anayejua kukagua chupa mbili zilizo chini ya boneti hadanganywi kwa urahisi.

Mifumo miwili, chupa mbili

Injini ya petroli huzalisha joto kubwa kila inapounguza mafuta, na kimiminika cha kupozea, yaani kulanti, hupita katika mifereji yake, hubeba joto hilo hadi kwenye rejeta, kisha hurudi. Hilo linajulikana kwa kila dereva. Kisichojulikana sana ni kifaa kinachoitwa inveta. Betri kubwa ya gari mseto hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, ilhali mota zake hutumia umeme wa mkondo geu. Inveta ndiyo inayogeuza umeme huo kutoka hali moja kwenda nyingine, na hugeuza tena kinyume chake gari linapopunguza mwendo na mota kuanza kuichaji betri. Kazi hiyo hufanywa na vipande vidogo vya kielektroniki vinavyopitisha umeme mwingi, navyo huchemka. Ili visiungue, kulanti hupitishwa katika mifereji myembamba iliyo chini yake.

Katika Toyota Prius ya kizazi cha pili (2003 hadi 2009) na ya kizazi cha tatu (2009 hadi 2015), kama ilivyo pia katika Aqua, mfumo wa kupoza injini na mfumo wa kupoza inveta umetenganishwa. Kila mmoja una chupa yake ya kulanti na pampu yake. Maana yake ni kwamba chupa ya injini inaweza kuwa imejaa vizuri huku ile ya inveta ikiwa tupu, na kinyume chake. Fundi aliyezoea magari ya kawaida hutazama chupa moja, huridhika, na hufunga boneti.

Pampu ya inveta ni ndogo na huendeshwa kwa umeme. Ikisimama, kulanti hubaki mahali pake hata kama chupa imejaa hadi alama ya juu. Novemba 2012 Toyota ilitangaza kuyaita magari kadhaa ya Prius ya kizazi cha pili duniani ili yarekebishwe, na mojawapo ya sababu ilikuwa pampu hiyo. Gari lililoletwa hapa likiwa limetumika huenda lilirekebishwa huko lilikotoka, na huenda halikurekebishwa. Namba ya chasisi ndiyo inayoweza kutoa jibu, kwa hiyo kabla ya kulipa mtake muuzaji aithibitishe kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza gari.

Si kila gari mseto lina chupa mbili. Honda Fit ya haibridi ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2010, hupoza vifaa vyake vya umeme kwa hewa inayosukumwa na feni, na hivyo chupa yake ya kulanti ni ya injini pekee. Ukikosa kuiona chupa ya pili, usidhani imeibwa. Soma kwanza mwongozo wa gari lako. Na kwa kuwa tumetaja hewa: betri kubwa ya Prius na ya Aqua nayo hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo lisizibwe kwa mizigo, mito wala nguo.

Kulanti si maji yenye rangi

Kulanti ya kawaida ni mchanganyiko wa maji safi yasiyo na madini, kemikali iitwayo ethilini glaikoli, na viambato vinavyozuia kutu. Katika nchi za baridi kali husifiwa kwa kuzuia maji kuganda. Kwetu faida hiyo si kitu, na ndiyo maana baadhi ya watu huona kulanti ni anasa ya Wazungu na Wajapani. Wanasahau faida nyingine mbili.

Ya kwanza ni kiwango cha kuchemka. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda mwinuko, huchemka mapema zaidi: Mbeya, ambayo iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa takriban nyuzi 94. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu glaikoli huchemka karibu na nyuzi 107 usawa wa bahari, na ukiwa ndani ya mfumo uliofungwa wenye mgandamizo huvuka nyuzi 120. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha dereva kupanda mlima wa Kitonga mchana bila injini kutokota.

Ya pili ni kinga dhidi ya kutu na magadi. Maji ya kisima na ya bomba yana chumvi na madini. Yanapopashwa joto kila siku huacha ukoko mweupe ndani ya mifereji, kama ule unaouona ndani ya birika la chai, na huila aluminiamu kidogokidogo. Injini yenye mifereji mipana huweza kuvumilia kwa muda. Mifereji ya inveta ni myembamba mno, na haivumilii. Maji ya kunywa ya chupa si dawa, kwani nayo yana madini. Maji yanayofaa ni yale yaliyotoneshwa, ambayo huuzwa kwenye maduka ya vipuri na kwa wauza betri. Hapo pia pana mtego: neno "maji ya betri" baadhi ya wauzaji hulitumia kwa maji yaliyotoneshwa, na wengine kwa asidi. Soma lebo, uliza, na usikubali kuuziwa kwa kukisia.

Kuhusu rangi, kuna imani iliyoenea kwamba kulanti zenye rangi moja ni sawa na zinaweza kuchanganywa. Sivyo. Rangi ni uamuzi wa mtengenezaji tu, na hakuna sheria ya kimataifa inayosema ya waridi iwe na viambato gani au ya kijani iwe na vipi. Toyota hutumia kulanti ya rangi ya waridi ambayo imekwisha kuchanganywa na maji kiwandani. Humiminwa kama ilivyo. Kulanti ya Honda ni ya buluu. Ya dukani yenye waridi ileile inaweza kuwa na viambato tofauti kabisa. Cha kutazama ni maelezo ya lebo: je, inataja kuwa inafaa kwa magari ya mtengenezaji wa gari lako, je, imekwisha kuchanganywa au ni kali inayohitaji kuongezwa maji, je, haina silikati, kama Toyota inavyotaka kwa magari yake?

Kulanti haidumu milele. Kwa modeli nyingi za Prius, mwongozo wa Toyota huelekeza kulanti ya injini ibadilishwe kwa mara ya kwanza gari linapofikisha kilomita 160,000 na baadaye kila kilomita 80,000. Ya inveta kwa mara ya kwanza kwenye kilomita 240,000, kisha kila 80,000. Gari lililotumika miaka kumi kabla ya kukufikia huenda limepita kiwango cha kwanza zamani, hasa ikiwa namba ya kilomita kwenye dashibodi imerudishwa nyuma. Ikiwa huna kumbukumbu yoyote ya maandishi, ni busara kuibadilisha yote mara tu unapolinunua gari na kuanza kuhesabu upya.

Namna ya kukagua

Wakati mzuri ni asubuhi, kabla gari halijawashwa. Liegeshe mahali palipo tambarare na ulizime kabisa. Katika gari mseto jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ukimya wa injini si ushahidi kwamba gari limezimwa. Maadamu neno "READY" linawaka kwenye dashibodi, injini inaweza kujiwasha wakati wowote bila kukuarifu, na feni ikaanza kuzunguka mikono yako ikiwa humo. Hakikisha neno hilo limezimika, kisha uweke ufunguo mbali na gari, hata ndani ya nyumba. Watoto wasibaki ndani ya gari wakichezea vitufe.

Fungua boneti. Utaona nyaya nene za rangi ya machungwa. Hizo hubeba umeme wa volti mamia na haziguswi, hazivutwi wala hazifunguliwi na mtu asiye na mafunzo. Kasha la chuma ambamo baadhi ya nyaya hizo huingia ndilo la inveta, na chupa ya kulanti ya inveta kwa kawaida huwa karibu nalo. Chupa ya injini huwa upande wa rejeta. Usizichanganye na chupa ya maji ya kuoshea kioo, ambayo kifuniko chake huwa na mchoro wa kioo chenye maji yanayoruka, wala na kichupa cha mafuta ya breki. Kosa la mwisho ni la hatari: kulanti ikiingia kwenye mafuta ya breki, gari lisiendeshwe hata hatua moja hadi mfumo wote usafishwe.

Kila chupa ina alama mbili, ya juu na ya chini, mara nyingi herufi "F" na "L". Kiwango kinapaswa kuwa kati yake. Ikiwa plastiki imefifia kwa uzee, mulika tochi kutoka upande wa nyuma, au tikisa gari kidogo kwa bega ili uone kimiminika kikicheza. Gari likiwa na joto kiwango hupanda, kwa hiyo kipimo cha jioni baada ya safari hakifai kulinganishwa na cha asubuhi. Linganisha asubuhi kwa asubuhi.

Kisha tazama hali yake. Kulanti nzuri ni angavu. Ikiwa ya kahawia, kutu imeanza. Ikiwa na utando wa mafuta juu yake, au imekuwa kama chai ya maziwa, yawezekana mafuta ya injini yanaingia mahali pasipowahusu, na hilo ni jambo la fundi siku hiyohiyo. Ukiiona haina rangi kabisa, kuna mtu aliyejaza maji kabla yako. Usiionje kamwe ili kujua kama ni kulanti au ni maji, ingawa wapo wanaofanya hivyo. Ethilini glaikoli ina ladha tamu na ni sumu.

Kuna ukaguzi mmoja zaidi wa pampu ya inveta ambao mafundi wa Prius hupenda kuutumia, hasa kwa kizazi cha pili. Gari likiwa limepoa na limezimwa, kifuniko cha chupa ya inveta hufunguliwa. Kisha gari huwashwa hadi "READY" bila kuondoka, na kimiminika hutazamwa. Kikionekana kikitibuka, pampu inasukuma. Kikitulia kama maji ya mtungi, pampu imekufa au mfumo una hewa. Ukaguzi huu unahitaji watu wawili: mmoja ndani, gia ikiwa "P", breki ya mkono imefungwa na mguu ukiwa juu ya breki, na mwingine nje akitazama tu. Anayetazama asivae kanga, mtandio wala tai inayoning'inia, wala asiingize mkono popote. Ikiwa huna wa kukusaidia, mwachie fundi, lakini simama karibu naye akuonyeshe. Kwa mtu anayenunua gari lililotumika, hizi ni dakika mbili zenye faida kuliko saa nzima ya kusikiliza sifa za viti vya ngozi.

Namna ya kuongeza

Ikiwa kiwango kiko chini kidogo ya alama, ongeza. Vaa glovu, weka kitambaa juu ya kifuniko, kifungue polepole na usikilize. Ukisikia mvuke ukitoka, kifunge tena na usubiri. Kifuniko cha rejeta ya gari lenye joto kisifunguliwe kwa hali yoyote: kilicho ndani kimezidi nyuzi 100 na hakichemki kwa sababu tu kimefungiwa, kifuniko kikilegea hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni.

Mimina kidogo kidogo kwa faneli safi, usubiri, utazame, uongeze tena. Koma kwenye alama ya juu. Kuzidisha si ukarimu, kwani kulanti inapopata joto hutanuka na hutafuta pa kutokea. Kulanti iliyochanganywa kiwandani haiongezwi maji. Iliyo kali huchanganywa kwanza katika chombo cha pembeni, kwa kawaida nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, isipokuwa lebo iseme vinginevyo. Kuimimina ikiwa kali kwa kudhani ndiyo itapoza zaidi ni kosa, maana glaikoli tupu hubeba joto kidogo kuliko mchanganyiko wake na maji.

Ikiwa chupa ni tupu kabisa, usijaze tu na kuondoka. Chupa ni akiba. Ikiisha, yawezekana rejeta nayo imepungua na hewa imeingia. Hewa katika mfumo wa inveta huifanya pampu izunguke bure, na katika Prius ya kizazi cha tatu, ambayo hata pampu ya injini ni ya umeme, kutoa hewa kunahitaji utaratibu maalumu na mara nyingi kompyuta ya uchunguzi. Gari la namna hiyo libebwe hadi kwa fundi anayelijua.

Iliyomwagika ioshwe kwa maji mengi. Iliyobaki ihifadhiwe katika chupa yake ya asili, mahali pa juu palipofungwa. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto, mbuzi au mbwa huvutwa na utamu wake, na kiasi kidogo huweza kuharibu figo na kuua. Mtu akiimeza apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenye lebo, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu saa za mwanzo hudanganya: dalili huweza kufanana na ulevi, au zisionekane, huku sumu ikifanya kazi.

Ikipungua tena

Mfumo wa kulanti umefungwa. Petroli huungua na kwisha, kulanti haiungui. Kushuka kwa milimita chache kwa miezi mingi ni kawaida, lakini chupa inayohitaji kujazwa kila mwezi inavuja, na anayekuambia "ni hali ya magari haya" ama hajui ama hataki kutafuta. Weka alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa, andika tarehe na kilomita, kisha tazama tena baada ya wiki mbili. Karatasi hiyo itamlazimisha fundi azungumze kwa ushahidi.

Uvujaji wa wazi huacha doa la rangi chini ya gari, ukoko wa waridi kwenye maungio ya mipira, au unyevu chini ya zulia upande wa abiria ikiwa kihita kimetoboka. Uvujaji wa siri ni mbaya zaidi. Katika Prius ya kizazi cha tatu iliyotembea kilomita nyingi, mafundi wengi hukutana na gasketi ya silinda hedi iliyoungua: kulanti huingia ndani ya silinda usiku, na asubuhi injini hutetemeka kwa nguvu sekunde chache inapowaka, hutoa moshi mweupe, kisha hutulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Chini ya gari hakuna hata tone. Mwenye gari huongeza kulanti wiki hadi wiki, na siku moja injini haiwaki tena. Ukiona dalili hizo mbili kwa pamoja, chupa inayopungua na mtetemo wa asubuhi, omba kipimo cha mgandamizo cha mfumo wa kulanti kabla ya kununua chupa nyingine.

Yapo "matibabu" mawili ambayo mlaji anapaswa kuyakataa. La kwanza ni unga au maji ya kuziba matundu. Yanayoziba tundu huziba pia mifereji ya rejeta, na katika mfumo wa inveta ni kama kumwaga saruji kwenye mrija. La pili ni kung'oa termostati "ili injini ipoe." Katika gari la kawaida ni ufundi mbovu, na katika gari mseto ni kulifuta kusudi la kulinunua, kwa sababu kompyuta ya gari huizuia injini kuzimika mpaka ifikie joto lake la kazi. Bila termostati huchelewa kulifikia, huwaka muda mwingi zaidi, na wewe hujiuliza mbona haibridi yako inakunywa mafuta.

Njiani

Magari mengi ya aina hii hayana mshale wa joto. Prius na Aqua hutumia taa: ya nyekundu yenye mchoro wa kipimajoto humaanisha injini imezidiwa na joto. Pembetatu yenye alama ya mshangao inayokuja na nguvu kupungua ghafla huweza kuwa ya inveta, miongoni mwa sababu nyingine. Usijaribu "kusogea mpaka mjini." Egesha mahali salama, zima kiyoyozi, zima gari, na ukiona mvuke subiri uishe kabla ya kugusa boneti. Mpe injini angalau nusu saa.

Hapa tunalegeza msimamo wetu kuhusu maji. Uko porini, kulanti hakuna, na injini imepoa: maji safi yanaruhusiwa kwa dharura, na miongozo ya watengenezaji husema hivyo. Yamiminwe taratibu, gari liendeshwe polepole hadi gereji iliyo karibu, na kulanti yote imwagwe na kuwekwa mpya. Maji ya dharura yanayosahaulika humo kwa mwaka mzima ndiyo yanayoleta kutu.

Dukani na gereji

Nunua chupa iliyofungwa kwa lakiri isiyovunjwa, yenye jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe, uwiano wa kuchanganya na onyo la sumu. Maji yaliyotiwa rangi hayatofautiki kwa macho na kulanti halisi, lakini gereji nzuri huwa na kifaa kidogo cha kupimia mkolezo wa glaikoli kwa tone moja. Omba kitumike mbele yako. Dai risiti ya EFD, nayo itaje jina la bidhaa, si neno "vipuri" pekee.

Unapolipeleka gari, mwambie fundi kwa maandishi: aina ya kulanti unayotaka, na kwamba chupa zote mbili zikaguliwe. Taka makadirio ya gharama kabla ya kazi kuanza na kifaa cha zamani baada ya kazi kwisha. Pampu iliyobadilishwa kweli ina mwenzake aliyetolewa. Kulanti iliyotolewa isimwagwe mtaroni wala shimoni. Ikusanywe katika ndoo yenye kifuniko na kukabidhiwa kwa anayekusanya taka za mafuta na kemikali.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Kuuza maji ya rangi kwa jina la kulanti, au kutoza fedha kwa kazi isiyofanyika, si "mambo ya biashara" tu. Ukitendewa hivyo, anza kwa kumwandikia muuzaji au gereji, ukieleza ulichonunua, tarehe na unachodai: kurudishiwa fedha, kubadilishiwa bidhaa au kurekebishiwa gari. Asipojibu, lete malalamiko yako katika ofisi yetu iliyo karibu ukiwa na risiti, nakala ya barua uliyoandika, picha za chupa zote mbili za gari, maelezo ya fundi wa pili ikiwa yapo, na chupa ya kulanti yenyewe ikiwa na kilichobaki ndani yake. Chupa hiyo usiitupe, hata kama imebaki na mnywo mmoja. Kilicho ndani yake ndicho kitakachopimwa.